Mafunzo Niliyopata kwa Wabeba Mizigo wa Gisenyi

Nanunua nyanya na kabichi soko la Mbugangari, nazivusha mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma, upande wa Kongo. Mizigo hubebwa na vibarua, na haya ndiyo waliyonifunza.

1. Sheria peke yake haijazi sufuria. Kima cha chini cha ujira kinachotajwa Rwanda ni faranga 100 kwa siku, kilichowekwa miongo kadhaa iliyopita. Sheria ya kazi ya 2018 ilimwachia waziri kutangaza kipya, miaka ikapita. Kwa hiyo tajiri anayejisifu kwamba analipa zaidi ya hapo hajasema lolote.

2. Hasara ya mpaka igawanywe kabla haijatokea. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Januari 2025 vita vilifika Goma kwenyewe. Nyanya haisubiri amani, inaoza. Siku kama hizo sina cha kulipa ujira kamili, na vibarua wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu wao ndio wanaorudi na kreti zilezile mabegani. Lakini aliyeamka alfajiri akaja nilipomwita ameshatoa siku yake. Basi tulikaa tukapatana: kila kreti inayouzwa naiwekea kando kiasi kidogo, na mpaka ukifungwa ghafla, aliyefika analipwa nusu. Faida yangu imepungua. Biashara bado ipo, na watu wangu hawakimbilii kwa mwingine msimu ukichangamka.

3. Ujira ulipwe jioni ileile. Anayeambiwa "njoo kesho" hukopa unga usiku huo.

4. Umoja wa vibarua usituogopeshe. Mpakani hapa, watu wenye ulemavu wanaosafirisha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu wamejiunga katika vyama vya ushirika. Ukipatana nao bei, imepatikana. Mzigo ukipotea, kuna wa kumuuliza. Nafanya nao kazi kwa utulivu kuliko kugombana na mtu mmoja mmoja asubuhi nzima.

5. Mgongo huchakaa. Bima ya afya ya Mituweli humpeleka mtu hospitali, lakini uzeeni atakula nini? Mfuko wa akiba wa EjoHeza hupokea hata asiye na mkataba wa kazi, kidogo kidogo, kwa simu. Wafanyabiashara wenzangu, kibarua wako akiweka akiba humo, mwongezee na wewe. Anzeni wiki hii, sokoni kungali na wateja.