Safu, Matini na Koma ya Mtunzi

Mtafiti anayehifadhi ubeti wa tarbia katika tovuti aghalabu huuweka kama safu, yaani orodha yenye nafasi zilizopangwa kwa nambari. Mishororo minne hukaa katika nafasi 0 hadi 3. Hata hivyo, ili ubeti uhifadhiwe kama matini, sharti safu hiyo iunganishwe iwe mfuatano mmoja wa herufi.

Katika JavaScript, kazi hii hutekelezwa na amri ya join. Kitenganishi kisipotajwa, amri hiyo huweka koma baina ya mishororo. Hapa ndipo tatizo huchipuka. Kwa kawaida, koma ndiyo hutenga ukwapi na utao. Koma nne za mtunzi hujumuika na tatu za programu. Kisha amri ya split inapotumia koma kurejesha safu, hupatikana vipande vinane badala ya mishororo minne. Mizani haijapungua, lakini mipaka ya mishororo imepotea.

Suluhisho ni kuteua kitenganishi kisichotumika ndani ya mshororo, kwa mfano alama ya mstari mpya, "\n". Aidha, JSON.stringify hufunga kila mshororo kwa alama za mtajo, na JSON.parse huurejesha ulivyokuwa.

Hivyo basi, uteuzi wa kitenganishi si suala la fundi wa kompyuta pekee. Aujuaye muundo wa ubeti ndiye awezaye kumweleza ni alama ipi iliyo mali ya mtunzi.