SOMO LA MWEZI: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Somo letu la mwezi huu linahusu kukagua akiba na vitega uchumi vyetu kwa njia ya simu na intaneti. Ndugu asishtuke kwa neno "vitega uchumi" akadhani ni habari ya matajiri wa Kigali. Mchuma chai wa Pfunda anayekatwa mshahara kwa ajili ya pensheni ameshaweka kitega uchumi. Mama anayetuma faranga 1,000 kwenye EjoHeza naye ameshaweka. Mfanyakazi mwenye hisa 100 za Bralirwa ni mwenye mali. Swali ni moja tu: je, fedha hiyo ipo, ni kiasi gani, na nani amekuambia?

Mimi ninayeandika niliishia shule ya msingi. Hesabu za somo hili ni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Basi asiwepo wa kusema, "Haya ni ya wasomi."

1. KWA NINI TUKAGUE?

Tunakumbuka sote usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mto Sebeya ulifurika, maji na tope vikaingia majumbani hapa Mahoko na Nyundo. Katika nchi nzima mvua ile iliua watu zaidi ya 130. Walionusurika wengi walitoka na nguo za mwilini tu. Baada ya kuzika na kuondoa tope, likaja swali la pili: karatasi ziko wapi? Vitabu vya akiba, karatasi za mshahara na stakabadhi vilikuwa vimekwenda na maji.

Yule ambaye akiba yake iliandikwa pia kwenye kompyuta aliweza kupata laini mpya ya simu, akauliza, akajibiwa. Yule aliyekuwa na karatasi peke yake alibaki kutegemea kumbukumbu za watu wengine.

Lakini tusidanganyike kwa upande wa pili. Kompyuta haijui jasho lako. Inajua tu kile ambacho mtu ameandika ndani yake. Mtu akisahau kuandika mchango wako, au akiuficha, kompyuta itanyamaza. Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili: simu ya kutuonyesha kilichoandikwa, na daftari letu la kutukumbusha kilichotolewa.

2. PENSHENI: HESABU MIEZI

Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni katika Rwanda umepanda kutoka asilimia 6 hadi asilimia 12 ya mshahara ghafi. Nusu anakatwa mfanyakazi, nusu anatoa mwajiri. Tuchukue mshahara wa faranga 60,000. Wewe unakatwa 3,600, mwajiri anaongeza 3,600, na jumla inayopaswa kufika RSSB ni 7,200 kila mwezi. Zamani ilikuwa 3,600 kwa jumla. Jasho linalokatwa limeongezeka mara mbili, basi na ukaguzi nao uongezeke.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Ili kupata pensheni ya kila mwezi ukifika uzeeni, unatakiwa uwe na miaka 15 ya michango, yaani miezi 180. Anayepungukiwa hupewa malipo ya mkupuo mmoja, basi. Sasa fikiria ndugu aliyefanya kazi miezi 180 kamili, lakini iliyoandikwa ni 174. Miezi sita ambayo haikuandikwa inaweza kumnyima pensheni ya maisha yake yote yaliyobaki. Naye atagundua lini? Siku anapokwenda kudai, mgongo umepinda, na mhasibu wa miaka ile hajulikani alipo.

Kwa hiyo omba taarifa ya michango yako kutoka RSSB, kwa njia ya tovuti yao au katika tawi lao. Ukiipata, usikimbilie jumla ya chini. Weka kidole kwenye mwezi wa kwanza, ushuke mwezi kwa mwezi, ukilinganisha na karatasi za mshahara. Mwezi ulioruka uandike pembeni. Karatasi ya mshahara ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo unayoipokea, kisha mtumie mtu wa nyumbani unayemwamini, ili hata simu ikipotea picha ibaki.

3. EJOHEZA: SIMU YA VITUFE INATOSHA

EjoHeza ni mpango wa akiba ya muda mrefu ulioanzishwa Desemba 2018, nao uko chini ya RSSB. Uliwekwa hasa kwa ajili ya watu wasio na mshahara wa kudumu: mkulima, kibarua, mwendesha baiskeli, muuza viazi. Huhitaji simu ya bei kubwa. Unabonyeza *506# kwenye simu yoyote na kufuata maelezo.

Nitasimulia jambo nililolishughulikia mwenyewe. Kikundi kimoja cha vibarua kilikuwa na mkusanyaji. Kila kenzeni, yaani malipo ya siku 15, kila mmoja alimkabidhi faranga 1,000 azitume EjoHeza. Kwa mwaka ni mara 24, hivyo faranga 24,000. Mama mmoja alimwomba binti yake amwangalizie kwenye simu. Ilionyesha 17,000. Wenzake walimwambia, "Acha, mashine huchelewa." Lakini mama yule alikuwa na daftari la shule la mtoto, na kila alipotoa alichora mstari na tarehe. Tulikaa naye tukalinganisha mistari na jumbe za simu. Mara saba hakukuwa na ujumbe. Mkusanyaji alipoonyeshwa tarehe saba hakuwa na la kusema. Alilipa kidogo kidogo mpaka akamaliza. Wenzake sita ambao hawakuandika chochote walibaki kulalamika, kwa sababu hakuna aliyeweza kutaja tarehe hata moja.

Funzo ni kwamba simu ilionyesha pengo, na daftari ndilo lililoshinda kesi.

4. HISA: IDADI NA BEI

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Bralirwa, kampuni ya bia iliyoanza hapa Gisenyi mwaka 1957, iliuza hisa kwa wananchi kwa faranga 136 kila moja, nazo zikaingia katika Soko la Hisa la Rwanda Januari 2011. Aliyenunua hisa 1,000 alitoa faranga 136,000.

Mwenye hisa akague mambo matatu. La kwanza ni idadi: hisa zangu ni ngapi? Hisa huandikwa kwa jina lako katika kompyuta za hifadhi kuu iliyo chini ya Benki Kuu, na taarifa yake unaiomba kwa dalali uliyenunua kwake. La pili ni bei: Soko la Hisa hutangaza bei kwenye tovuti yake. Zidisha bei kwa idadi, utajua thamani ya leo. La tatu ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huamua kuwagawia wenye hisa. Je, limeingia kwenye akaunti yako?

Bei hupanda na kushuka. Anayeichungulia kila saa atakosa usingizi na kuuza kwa hofu. Mara moja kwa mwezi inatosha. Idadi ndiyo isiyopaswa kubadilika pasipo wewe kuuza au kampuni kutangaza mabadiliko. Ukiona idadi imepungua bila maelezo, hapo ndipo pa kuuliza mara moja.

5. NAMBA ZA UONGO

Ndugu, siyo kila namba inayopanda kwenye simu ni fedha. Wapo watu wanaotengeneza programu nzuri, ukiweka 10,000 kesho inakuonyesha 13,000. Namba inapanda kila asubuhi, lakini ukitaka kutoa unaambiwa uongeze kwanza, au ulete wenzako watano.

Ujanja huu si mpya. Wazee wetu wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wanakumbuka Bindo ya Kinshasa, iliyoanguka mwaka 1991. Tanzania waliona DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Siku zile ilikuwa stakabadhi, leo ni simu. Wa mwanzo walilipwa kwa fedha za wa nyuma, na wa mwisho wakabaki na karatasi mkononi.

Kipimo ni rahisi. Kabla ya kuweka, uliza Benki Kuu au mamlaka ya masoko ya mitaji kama wana leseni. Uliza faida inatoka katika kazi gani. Chai inachumwa, bia inapikwa. Hawa wanazalisha nini?

6. KAZI YA SIKU YA MSHAHARA

Kila siku ya mshahara, kabla ya kupita sokoni, tenga robo saa. Andika daftarini tarehe, kiasi ulichokatwa na kiasi ulichotuma. Fungua simu uone kilichoandikwa. Toa kimoja katika kingine. Jibu likiwa sifuri, lala salama. Likiwa si sifuri, usigombane na karani peke yako. Chukua daftari na karatasi ya mshahara, nenda kwa mwakilishi wa wafanyakazi, maana mara nyingi pengo la mmoja ni pengo la wengi. Na namba yako ya siri usimpe mtu, hata akijiita afisa, hata akiwa mwakilishi wako.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kila mmoja aseme: nina miezi mingapi ya pensheni iliyoandikwa? Nimejuaje?
2. Nani anakusanya fedha za kikundi chetu, na nani anamkagua?
3. Wenzetu wasiojua kusoma tutawasaidiaje kukagua bila kuchukua namba zao za siri?

Mkutano ujao kila ndugu aje na daftari lake.