MALI BILA DAFTARI: SOMO KUHUSU SARAFU ZA KALE UWANJANI

Mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili aliniagiza niandike somo, si hadithi. Nimetii, ila somo lenyewe lilizaliwa na kisa, na kisa hicho kinaniaibisha kidogo kwa sababu nami nilikuwapo.

Jumamosi moja tulikuwa tukichimba shimo la mlingoti wa goli, upande wa chini wa uwanja wetu hapa Matulo. Jembe likagonga kitu, kling! Mwenzetu akainama, akainua kisahani cheusi chenye tundu katikati. "Pesa! Pesa ya mkoloni!" Basi ikawa kelele. Kabla kengele ya chakula haijalia, sarafu ile ilikuwa imesuguliwa kwa jivu, ndimu na waya wa sufuria mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Tukampelekea mwalimu wa Historia tukitarajia pongezi. Aliigeuza mara mbili, akatuuliza mambo matatu tu: Ni ya mwaka gani? Ilikuwa kina gani? Ilikuwa pamoja na nini?

Tukatazamana. Mwaka tulikuwa tumeusugua ukaisha. Shimo tulikuwa tumelijaza saruji. Vigae na mkaa vilivyotoka na udongo tulikuwa tumevitupa kwenye ua. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu siku hiyo kuna wenzetu wanaosema tuchange hela, tutafute kigunduzi cha metali, tuupekue uwanja mzima na kuuza tutakachopata ili tulipie safari ya chama. Wazo linavutia, kusema kweli. Hata hivyo, kabla hujatoa mchango wako, soma kwanza.

1. Kigunduzi husikiaje metali?

Hakuna uchawi. Umekiona kile kijiti anachokupitishia mlinzi langoni kwenye maduka makubwa mjini. Kigunduzi cha kupekulia ardhi ni ndugu yake mkubwa. Ndani ya sahani yake mna koili ya waya. Mkondo wa umeme unaobadilika-badilika ukipita humo, hutokea uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikuta metali, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali hiyo, nayo hutoa uga wake mdogo. Mashine huunasa, halafu hulia tiii! Wanafunzi wa Fizikia wataitambua hapo mada ya induksheni.

Mwaka wa 1881, Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alijaribu chombo cha aina hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakufaulu, na sababu moja iliyotolewa ni springi za chuma za kitanda cha mgonjwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, afisa wa Poland, Józef Kosacki, alibuni kigunduzi cha mabomu ya ardhini kilichotumika El Alamein mwaka wa 1942.

Jifunze hapa jambo moja: mashine husikia metali, haisikii historia. Msumari, kifuniko cha soda na rupia ya fedha vyote vitailiza. Udongo mwekundu wenye chuma huweza kuisumbua pia. Sarafu ndogo kwa kawaida husikika ikiwa imelala karibu na uso wa ardhi, sentimita 20 au 30 hivi.

2. Sarafu husema nini?

Sarafu ni barua fupi. Anayejua kuisoma hupata habari hizi:

(a) Rupia. Kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa rupia yake mwaka wa 1888. Rupia za Bara Hindi nazo zilitumika sana. Baadaye serikali ya kikoloni ilipotoza kodi ya nyumba, wazee wetu walilazimika kuitafuta pesa hata kama sokoni walikuwa wakibadilishana mtama na kuku.

(b) Senti zenye maandishi EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES. Hizi zilianza mwaka wa 1906, na senti 100 zilikuwa rupia moja. Senti ndogo za 1907 na 1908 zilitengenezwa kwa alumini, lakini ziliharibiwa na unyevu, hivyo metali ikabadilishwa.

(c) Senti na shilingi zenye maandishi EAST AFRICA. Mwaka wa 1920 rupia iliondolewa, ikaja florini, nayo haikudumu. Mwaka wa 1921 ikaja shilingi, yenye simba na milima nyuma yake. Senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo mtu aliweza kuzitunga kwenye kamba. Ndururu ilikuwa senti 5, peni senti 10, na sumuni senti 50.

(d) Sarafu za Kenya. Zilianza mwaka wa 1966 zikiwa na picha ya Mzee Jomo Kenyatta, bila tundu. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa, ndipo mwezi wa Desemba 2018 wakaja twiga, kifaru, simba na ndovu.

Sasa rudi kwenye sarafu yetu. Ilikuwa peni. Upande mmoja ulisema EAST AFRICA, kwa hiyo haikutangulia mwaka wa 1920. Upande wa pili kulikuwa na jina la mfalme GEORGIVS, lakini namba baada ya jina haikuonekana tena. Mfalme George wa Tano alifariki mwaka wa 1936. George wa Sita alitawala kuanzia mwaka huo hadi 1952. Tungeiacha namba hiyo moja tu, tungejua kama sarafu yetu ni ya baba au ya mwana. Kwa kusugua dakika kumi tulijitia katika giza la zaidi ya miaka thelathini.

Na giza hilo lina hasara. Jirani wa shule, kukhu mmoja tunayemheshimu, husimulia kwamba upande ule wa chini palikuwa soko kabla ya shule kuwapo, na kwamba mama yake aliuza ndizi pale, pesa akizifunga kwenye pindo la leso. Wazee wengine hukataa: soko, wasema, halikuwa hapo kamwe. Sarafu yenye mwaka, iliyotoka kwenye tabaka moja na vigae vya vyungu na mkaa, ingalikuwa shahidi wa kukhu. Sarafu yetu inayong'aa haishuhudii chochote. Tulipompelekea aliitazama, akacheka, akasema, "Hiyo peni, bana. Lakini mbona mmeiosha kama sufuria?"

3. Visa viwili vya kulinganisha

Mwaka wa 2013, katika kisiwa cha Manda huko Lamu, wanaakiolojia walioongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walipata sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, iliyotolewa na Mfalme Yongle aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Ilipatikana katika uchunguzi rasmi wa makazi ya kale, mahali pake pakaandikwa. Ndiyo maana ulimwengu mzima uliizungumzia kama ushahidi wa biashara kati ya pwani yetu na China.

Sasa tazama kisa cha pili. Mwaka wa 1944, mwanajeshi wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa mchangani katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Aliziweka kwenye mkebe hadi mwaka wa 1979 alipozituma zitambuliwe. Loo! Tano zilikuwa za Kilwa, hapa kwetu Afrika Mashariki, na nne za Uholanzi. Zilifikaje huko? Kwa jahazi la Waswahili? Kwa meli ya Wareno? Hadi leo ni mabishano. Isenberg alikumbuka kutia alama ya X kwenye ramani, na afadhali alivyofanya, lakini tabaka za mchanga na vitu vya jirani havikuandikwa.

Huoni? Sarafu za Kilwa zilisafiri mbali, lakini zinajua kusema machache kuliko ile ya Manda.

4. Sheria inasemaje?

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inatambua kama kitu cha kale chombo chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Huruhusiwi kutafuta vitu vya kale bila leseni, wala kuviuza kiholela. Anayekumbana na kitu cha kiakiolojia kwa bahati anatakiwa kuarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku 7.

Mwaka huo wa 1895 unatugusa sana. Ndio mwaka ambao wazee wetu walipigana na Waingereza katika ngome ya Chetambe, kilima tunachokijua wote hapa Webuye. Mtu akipanda kule na mashine, akachomoa risasi na kuitia mfukoni, ameng'oa neno kwenye barua ambayo haijasomwa. Mahali risasi ilipolala ndipo panapoonyesha ilikotoka na ilikoelekea.

Peni ya mwaka wa 1922 haimo katika kundi hilo. Hata hivyo uwanja si shamba la mtu. Bila ruhusa ya mwalimu mkuu, usichimbe. Chini mna mabomba ya maji, pengine na nyaya za stima.

5. Tufanye nini basi?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuiname na daftari. Jembe likigonga kitu siku nyingine:

(i) Simama. Usikitoe kabla hujamwita mwalimu.
(ii) Pima kina kwa rula, na umbali kutoka vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona ya darasa na mti mkubwa.
(iii) Andika rangi ya udongo na kila kilicho karibu: kigae, mfupa, mkaa.
(iv) Usisugue. Pangusa udongo kwa brashi laini, funga kwenye karatasi, andika tarehe na jina lako.
(v) Kumbuka kwamba fuko, mchwa na jembe huhamisha vitu. Sarafu ya 1922 inakuambia tabaka si la kabla ya 1922, lakini laweza kuwa la baadaye, maana sarafu huzunguka miaka mingi kabla ya kuanguka.
(vi) Nenda kwa wazee ukawaulize, uandike majibu yao pia.

Kwa maoni yangu, hela za mchango zinunue kwanza daftari, futi kamba na brashi. Mashine itasubiri mpaka tuwe na ruhusa na mtaalamu wa kutuelekeza. Peni yetu iko kwenye kabati la chama. Kando yake tumeweka karatasi iliyoandikwa: "Ilipatikana uwanjani, upande wa chini. Mengine tuliyapoteza wenyewe." Kalamu naiweka chini.

Maswali

1. Kwa nini kigunduzi hakiwezi kutofautisha historia na takataka?
2. Sarafu yenye maandishi EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES na nyingine yenye EAST AFRICA pekee zimepatikana shimo moja. Shimo hilo lilifukiwa lini? Toa sababu.
3. Eleza maana ya methali "Mali bila daftari hupotea bila habari" ukitumia kisa cha Visiwa vya Wessel.
4. Mhoji mzee mmoja kuhusu pesa alizotumia utotoni. Andika majina ya sarafu hizo na alichonunua nazo.