Ukikosana na Ndugu wa Kanisani

Ugomvi wa kanisani huanza na watu wawili, na kabla Jumapili haijafika umeshaigawa kwaya nzima. Anayetaka mambo yaishie pale yalipoanzia, azingatie haya.

MWENDEE MWENYEWE KWANZA. Mathayo 18 imeweka hatua tatu: wewe na yeye peke yenu, akikataa, mmoja au wawili wa kushuhudia, akiwakataa hao, kanisa. Wengi wetu huanzia ya tatu. Mweka hazina wa kwaya hajaeleza michango ya kinanda iko wapi, basi habari zimeshamfikia mama mchungaji, mwenyekiti wa jumuiya na shemeji aliyeko Mwanza. Mweka hazina mwenyewe hajaulizwa hata swali moja. Huo ni umbea uliovaa joho la kwaya.

USIMSEME MWENZAKO KWENYE MAOMBI. Kila anayesali jumuiya anaijua sala ya namna hii: "Bwana, mguse ndugu yetu anayekula vya madhabahu yako." Macho yote yamefumbwa, na wote wanajua ni nani. Naye atajibuje sala? Kama una neno naye, msubiri baada ya Amina.

USIPELEKE KWENYE KUNDI LA WHATSAPP, wala usibandike mistari ya Biblia ya mafumbo. Ukifuta, wenzako wameshahifadhi.

WEKA HESABU MEZANI. Ugomvi wa fedha haumalizwi kwa kukumbatiana na kulia. Lete daftari, risiti na taarifa ya benki, na watu wawili wasio na upande wazikague. Fedha zikiwa kamili, aliyeshuku ndiye wa kuomba radhi, tena mbele ya wale wale aliowasimulia.

USIGEUZE MAZOEA KUWA DHAMBI. Warumi 14 inahusu vyakula na siku. Sisi tuna makofi, ngoma na suruali. Mwache ndugu yako.

KEMEA HADHARANI LILE TU LILILOFANYWA HADHARANI. Kule Antiokia Petro alijitenga na meza ya watu wa Mataifa, Barnaba naye akafuata mkumbo, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Lakini kabla hujajipa nafasi ya Paulo, jiulize: kosa lenyewe limeonekana na wote, au umelichungulia dirishani?

USIMALIZE KIKANISA JAMBO LA JINAI. Hapa sina mjadala. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa kupelekana mahakamani kwa mambo madogo. Kumtumia yeye kumziba mdomo mtoto aliyenajisiwa ni kumsingizia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azitoe. Mzee wa kanisa anayewaambia wazazi "tuyamalize wenyewe" anamlinda mhalifu.

MKISHINDWANA, ACHANENI BILA KUCHAFUANA. Paulo na Barnaba walitengana kwa sababu ya Yohana Marko, aliyewaacha Pamfilia. Barnaba akaenda naye Kipro. Paulo akamchukua Sila, wakapita Siria na Kilikia. Baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo aje na Marko, kwa kuwa anamfaa. Angeanzaje kumwita kama alishamtangaza vibaya kila mji? Basi ukiamua kuhama usharika, aga na uondoke. Usizunguke nyumba kwa nyumba ukikusanya watu wa kuhama nao.

OMBA RADHI KWA KULITAJA KOSA. "Kama nimekukwaza" si radhi. Inamwachia mwenzako mzigo wa kueleza kama alikwazika. Sema: nilisema umeiba, nami sikuwa na ushahidi. Na kama uliiba kweli, rudisha, kisha usidai funguo za sanduku la sadaka Jumapili ileile. Kusamehewa umesamehewa, funguo utapewa wazee watakaporidhika.