Malindi Mbili, Ghuba Moja: Maswali na Majibu ya Marudio

Swali 1. Malindi iko mlimani au pwani?
Zote mbili zipo. Kata ya Malindi, wilayani Lushoto, iko juu Usambara. Ghuba ya Malindi iko Kenya, kaskazini ya Mombasa. Mtahini akitaja ghuba, hasemi ya Lushoto.

Swali 2. Kwa nini ghuba hiyo ina kina kifupi?
Sababu kubwa ni udongo. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Huanza kwa jina la Athi kwenye nyanda za juu upande wa Nairobi, hupita Ukambani, hupokea Mto Tsavo kutoka upande wa Kilimanjaro na kuitwa Galana, ndipo ufike pwani ukiwa Sabaki. Njiani huzoa udongo wa mashamba na malisho yaliyoachwa wazi. Ukikutana na bahari kasi hupungua: mchanga hutua kwanza, tope laini huelea mbali zaidi kabla ya kuzama. Wengi huandika "mto huleta udongo" kisha wanaweka nukta. Alama ziko kwenye hatua zote tatu: mmomonyoko, usafirishaji, utuaji.

Swali 3. Mbona maji ya ghuba hubadilika rangi?
Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, tope husukumwa kusini hadi mbele ya mji, na maji huwa ya kahawia iliyokolea. Kusi ikivuma, tope huelekea kaskazini, Mambrui, na maji ya mjini hutakata.

Swali 4. Tope lina hasara tu?
Hapana, na hapa wengi hujibu upande mmoja. Matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, huumia kwa sababu tope huzuia mwanga na kuyafunika. Lakini kamba hustawi kwenye maji ya namna hiyo, ndiyo maana Ghuba ya Ungwana, kaskazini zaidi, inasifika kwa kamba. Mchanga nao umeupanua ufuo wa mji kuelekea baharini.

Swali 5. Mwanafunzi wa Lushoto atumie mfano gani wa kwao?
Shamba la viazi au kabichi kwenye mteremko baada ya mvua ya masika: mfereji unapita mwekundu. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakoloni waliwalazimisha watu wa Mlalo, wilayani Lushoto, kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko, wakakataa. Mradi wa SECAP wa kuhifadhi udongo, ulioanza 1981, ulihimiza miti na majani ya Guatemala kwenye kontua. Angalizo: maji ya Usambara Magharibi huenda Umba na Pangani. Ukiyapeleka Sabaki, umekosa.

Swali 6. Ramani ichorweje?
Mdomo wa Sabaki uwe kaskazini ya mji na hifadhi iwe kusini. Ukivigeuza, jibu lako la kaskazi na kusi nalo limepinduka.