Spoki za nyuma hazikai

Swali: Fundi, baiskeli yangu ya milimani imetumia magurudumu yaleyale miaka saba kwenye njia za Lushoto. Sasa spoki za nyuma zinakatika mojamoja. Ninunue gurudumu jipya?

Jibu: Ndugu yangu, usikimbilie dukani. Spoki hukatika kwa uchovu wa chuma, mara nyingi pale inapopinda kuingia kwenye habu. Kinachoichosha zaidi ni kulegea: kila mzunguko inaachia, kisha inavutwa tena. Zikikatika mbili tatu, zilizobaki zina umri uleule. Zibadilishwe zote, zikazwe kwa usawa, ndipo ringi inyooshwe. Habu nzuri, ikifunguliwa na kutiwa grisi mpya kila baada ya masika, hupita umri wa ringi kadhaa.

Kwa hiyo wasiwasi wangu uko kwenye ringi. Kama breki zako ni za mpira, tope la Usambara huisaga alumini kama msasa. Simamisha rula ubavuni mwa ringi, mahali mpira unapobana. Ukiona mwanga katikati, ukuta umeliwa, na upepo wa tairi unaweza kuupasua ukiwa mteremkoni. Ringi hiyo usiipande tena, hata kwenda sokoni.