Umetundika daluga, sasa unataka kufundisha vijana

Mchezaji akistaafu, jibu la haraka kwa wanaomuuliza atafanya nini huwa ni ukocha. Jina analo, mpira anaujua, na timu ya vijana inaonekana ndiyo mlango rahisi. Naomba tuanze hapo, kwa sababu timu ya vijana si kazi nyepesi ya kusubiria benchi la timu kubwa. Hapo ndipo mchezaji anatengenezwa au anaharibiwa.

Ukitaka kuifanya vizuri, anza ukiwa bado unacheza. Leseni za CAF zinaanzia D, zinafuata C, B na A, na juu kabisa kuna Pro. Zinapandwa ngazi kwa ngazi, kwa hiyo anayengoja hadi goti limkatalie anajikuta mstari wa nyuma. Fuatilia matangazo ya kozi ya TFF au ya chama cha soka cha mkoa wako. Zaidi ya hapo, muombe kocha wa vijana wa klabu yako akuruhusu umsaidie siku ambazo timu kubwa imepumzika. Beba koni, pampu mipira, sikiliza anavyozungumza na watoto.

Usione aibu kuanzia chini. Xabi Alonso alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2010 na Hispania, lakini alipostaafu mwaka 2017 hakukimbilia timu kubwa. Mwaka 2018 alichukua watoto wa chini ya miaka 14 wa Real Madrid, kisha akakaa miaka mitatu na timu B ya Real Sociedad. Bayer Leverkusen walimpata Oktoba 2022, na mwaka 2024 akawapa ubingwa wa Bundesliga bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Kwetu, Selemani Matola, kiungo wa Simba ile iliyowatoa Zamalek mwaka 2003, naye alifundisha vijana wa Simba kabla ya kukaa benchi la wakubwa.

Sasa njoo uwanjani. Una vijana 20 wa miaka 14 na mipira sita. Mazoea yanakuvuta uwakimbize raundi nne, kisha uwapange mstari mmoja wapige mashuti kwa zamu. Mpe mtu daftari ahesabu kijana mmoja anagusa mpira mara ngapi kwa dakika kumi za mstari huo, utaona wengi wamesimama tu. Gawa uwanja vipande vipande, wacheze wanne kwa wanne, magoli yawe koni mbili mbili, wanaobaki waingie kwa zamu fupi. Humo kila mtoto atakaba, atapiga chenga, atapoteza mpira na kuutafuta tena.

Ugumu wa mchezaji wa zamani ni kwamba mengi anayoyajua yamo mwilini. Chukua kiungo anayepokea mpira huku amelipa goli mgongo. Wewe ulikuwa unageuza shingo kabla pasi haijafika, bila hata kufikiri, na ndiyo maana unamfokea kijana anayenyang'anywa: "Huoni?" Kweli haoni, hajafundishwa kutazama. Msimamishe msaidizi nyuma yake anyooshe vidole, na kijana ataje idadi kabla mpira haujamfikia. Wiki ya kwanza atakosea sana. Akizoea, badala ya vidole weka beki halisi, kisha umuulize, "Alikuwa upande gani?" Mpe muda ajibu mwenyewe. Kijana anayeongozwa kwa sauti ya kocha kila pasi hatakuwa na pa kushika siku uwanja umejaa kelele.

Kuonyesha, onyesha mara moja, kisha rudi pembeni. Mechi ya mazoezi ni yao. Habari za enzi zako nazo ziwe chache.

Kuna jambo ambalo makocha wengi hawalipi uzito: miili. Vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kupishana sana kwa ukuaji. Yule mfupi anayesukumwa leo huenda akarefuka mwaka kesho, na akili ya mpira aliyolazimika kuitumia itabaki naye. Usimkate. Anayerefuka kwa kasi naye anaweza kulalamika maumivu kwenye kinundu kilicho chini ya kifuniko cha goti. Usimwite mvivu. Mpunguzie kuruka na mbio, na apelekwe kwa daktari.

Vijeba, yaani waliozidi umri, usiwakubali hata kwa mechi ya kirafiki. Mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kule Gabon baada ya Congo-Brazzaville kuondolewa, kwa sababu mchezaji wao mmoja hakufika kwenye kipimo cha MRI cha umri. Lakini hata pasipo kipimo, kijeba mmoja anamkalisha mtoto halali benchi msimu mzima, na huo ni wizi.

Kutana na wazazi kabla ya msimu. Ratiba ya mazoezi ifuate shule, na mwaka wa mtihani wa kidato cha nne mpunguzie kijana mzigo. Usisafiri na watoto ukiwa mtu mzima peke yako, wala usijifungie chumbani na mmoja. Wakala akija na karatasi, haisainiwi bila mzazi kuwepo na kuielewa.

Weka daftari lenye ukurasa wa kila kijana: mahudhurio, dakika alizocheza, na jambo moja analolifanyia kazi mwezi huo. Kila mwisho wa mwezi jumlisha dakika. Ukikuta mtoto anakuja kila siku na hajapata hata mechi moja kamili, mpange mechi inayofuata, hata kama ni ya kombe.

Kuna watakaoondoka. Usibandike orodha ukutani. Muite kijana na mzazi wake mapema, kabla usajili wa timu nyingine haujafungwa, mweleze anachokiweza na kilichopungua, na uwe umeshampigia simu kocha wa timu inayoweza kumpokea.